Taji la Kuazima

Torunn wa gesi alipofungasha kuondoka Lindi
aliniachia feni, mizani ya jikoni
na picha yenye fremu, pembeni imeingia ukungu.
"Hii yako," alisema. "Si wewe ndiye mpambaji?"

Nimeitundika saluni kwangu, Ndoro,
kati ya kioo na kalenda ya benki.
Kila mwali anayekuja kusingwa huuliza:
huyu nani, mbona kajitwika sinia?

Si sinia. Ni taji.
Fedha iliyopakwa dhahabu,
na ukingoni visahani vidogo vinavyoning'inia.
Hata humo ndani ya rangi iliyonyamaza
utaapa vinalia akivuta pumzi.
Kizibao chekundu. Bizimu kifuani, kubwa kama kisosi.
Aproni nyeupe, pindo limetobolewa tundu tundu
kama kofia ya mtu aliyeshonewa na mkewe.

Torunn alinieleza: kwao Norwei, zamani,
taji aghalabu halikuwa la bibi harusi.
Lilikuwa la kanisa, au la mwenye nacho pale kijijini.
Unaliazima, unalipa, unalirudisha.
Nilicheka mpaka kichana kikanidondoka.
Kumbe na kule ni kukodi!
Nikamfungulia daftari langu:
seti ya Dubai, elfu thelathini, amana elfu kumi,
jiwe moja limepotelea Mitwero
na aliyelipoteza hadi leo anaapa.

Wengine huisifu sura yake.
Mimi naitazama kwa jicho la kazi.
Mchoraji alizijua rangi; pini hakuzijua.
Mzigo ule haukai kichwani kwa dua.
Yupo aliyeufunga kwa nyuma,
utepe mmoja mkononi, mwingine kwenye meno,
goti kaliegemeza kwenye kiti.
Mgongo haukuchorwa.
Mimi kazi yangu iko mgongoni.
Ndiyo maana najua kwa nini hatabasamu:
si huzuni, si haya za kuolewa,
ni shingo.

Mwaka wa ufuta kupata bei
akaja Esha Namtumbuka, binti wa mnunuzi wa mizani ya Nangurukuru,
akaupita ukuta mzima wa vilemba vyangu,
akanyoosha kidole: "Nataka lile."

Nikampelekea picha Mchopa, fundi wa vibatari.
Akaigeuza, akaangalia nyuma
kana kwamba mgongo ungekuwa huko.
Akakata shaba ya bomba la friji,
akagonga visahani arobaini na kimoja,
akajikata kidole, akanidai elfu kumi na tano
na soda.

Jumamosi, kabla hatujatoka,
bibi yake Esha akaomba kusogezwa karibu.
Juu ya mdomo ana kovu la ndonya,
tundu lililojifunga lenyewe uzeeni.
Akaligusa taji, visahani vikalia.
"Linauma?"
"Linauma, bibi."
"Basi ndilo."
Akarudi kukaa, akaomba maji.

Ukumbini walisema mengi.
Wapo walioita ufalme, wapo walioita kichekesho.
Mimi nilikuwa nyuma na pini tatu mdomoni,
sikuweza kujibu.

Jumatatu likarudi kwenye mfuko wa Rambo.
Nikahesabu: thelathini na tisa.
Nikaandika daftarini, amana nikamrudishia yote,
sijui kwa nini.

Siku wateja wakikosekana
nasogeza stuli hadi kwenye ile picha.
Kushotoni, karibu na bega la bibi harusi,
pale fremu inapokata,
pana doa la rangi ya ngozi, dogo, refu kidogo.
Laweza kuwa ukungu wa Lindi.
Laweza kuwa kidole gumba
cha mtu ambaye hakuwahi kutoka kwenye picha kwa wakati.

Nina kitambaa. Nina spiriti.
Sijapafuta.