Fungua Zaidi

Gulen, mwezi wa pili. Theluji gatini.
Eilif ananifunga zipu ya mgongoni
kama mtu anayeshona gunia la viazi.
"Pumua tu, Solfrid. Usihesabu."
Miaka thelathini na mmoja nimehesabu:
magego, matundu, watu wazima wakilia kitini.

Maji nyuzi tano. Midomo inakufa ganzi
kama kwa ile sindano ninayowachoma wengine.
Malipo ni hapa hapa.

Mita kumi na nane, ubavuni mwa jabali,
konokono asiye na kombe, wa waridi, mdogo kuliko ukucha,
anapanda uzi wa mwani
na hana miadi na mtu.

Eilif anamulika ufa.

Uso. Wa kijivu, umekunjamana
kama blanketi la jeshi,
na kinywa — Mungu wangu, kinywa kile!
Chonge zimekatika, magego yamelika
kwa kuvunja kaa na makombe.
Nilisoma kwamba kila mwaka huyamwaga yote,
yakaota mapya, safu nzima,
bila bili.

Tukatazamana. Vidole vyangu vikatafuta kile kioo kidogo.
Kichwani nikamwambia, kwa sauti ya kazini:
fungua zaidi.
Akafungua zaidi.

Eilif akagonga geji: baa hamsini. Juu.

Ngazini nikatema kipumulio.
"Umemwona?" Taya limeganda.
Nataka kutaja jina la samaki, linatoka povu;
nacheka, mate yanachuruzika kidevuni,
na Eilif ananipa kitambaa,
kama ninavyowapa mimi.