Kielelezo cha Nne

Wameuliza tena leo, Lushinge,
nina ushahidi gani kwamba ulifanya kazi pale.
Nikasema: ana kaburi Igoma.
Karani akacheka kidogo, kisha akaona haya,
akazungusha kalamu. Kaburi si kiambatanisho, mama.

Kampuni imebadili jina mara tatu.
La kwanza ulilivaa kifuani,
uzi mwekundu juu ya mfuko wa ovaroli.
La pili sikulijua.
La tatu lina kiyoyozi, na mlinzi
anayeniuliza nina miadi na nani.
Daftari la mishahara? Mchwa.
Msimamizi wenu? Alirudi kwao, hakuacha anwani.
Chirangi wa Ukerewe, mliyefunga naye mabomba
ndani ya tumbo la meli, aliahidi kuja kusema.
Amekuja mwanawe
na cheti cha kifo kwenye bahasha ya kaki.

Picha ya kifua chako ninayo.
Huinua dirishani upande wa ziwa,
yale mawe yaliyobebana yakatokea mbavuni mwako,
palepale daktari alipoweka kidole
akasema, hapa pamekuwa pagumu.

Sisi tuliita unga.
Ulirudi jioni kope nyeupe, ndevu nyeupe,
watoto wakakukimbilia: babu! babu!
Hukuwa umefika thelathini.
Ukainama, ukashika kiuno,
ukawakoholea kizee, kwa mzaha,
wakaanguka kwa kicheko.
Nami nikaichukua ovaroli nje,
nikaikung'uta ukutani kabla ya kuiloweka,
pa, pa, pa,
nimeziba pua kwa ncha ya kanga
siku nilizokumbuka.

Halafu ile zawadi.
Kamba nene, nyeupe, laini kama sufi.
Haishiki moto, ulisema, ukaiwashia kiberiti
mbele ya wanao, nayo ikatulia tu
kama mtu aliyezoea kutukanwa.
Ukaikunja, ukaishona, ukanifanyia ngata.
Miaka kumi na mmoja nilipanda nayo kilima cha Igogo,
ndoo ya maji ya ziwa utosini,
na kichwa hakikuniuma hata siku moja.
Majirani walinionea wivu.
Mke wa Bugumba aliniazima, nikamnyima.
Mungu anisamehe kwa uchoyo ule,
au anishukuru, sijui.

Jana niliitoa chini ya kitanda,
nikaifunga kwenye kanga, nikaipeleka
kwa Wakili Kokusima, binti mdogo,
bado ana deni la chuo.
Nilipofungua fundo alisimama, kiti kikaanguka.
Funika, mama. Tafadhali. Usiitingishe.
Akafungua dirisha, akalifunga,
akalifungua tena,
hakujua lipi ni salama.

Sasa imo ndani ya mifuko miwili,
imezungushiwa utepe, imeandikwa Kielelezo cha Nne.
Itakwenda maabara. Wakili anasema
uzi ule una asili yake, kama mtu na ukoo,
na mabomba ya meli ile bado yapo, yanaoza chelezoni;
watalinganisha.
Karatasi zote zimekufa, mama, lakini hii haiungui,
hailiwi na mchwa.
Wenzio waliwaletea wake zao dhahabu ya Geita.
Wewe uliniletea ushahidi,
nami nikautwika maji.

Karani wa chini aliwahi kuninong'oneza
kwamba mkono mtupu haulambwi.
Nilimwonyesha wangu, pande zote mbili.
Sabuni imeula. Kama una ladha, lamba.

Tulibaki na fomu.
Pana mstari wa mfanyakazi, pana mstari wa mrithi.
Mstari wa mfuaji hamna.
Nilikuwa naweka dole gumba kwenye wino
kikanishika, kile cha alfajiri,
nikageukia ukuta hadi kipite.
Wakili akangoja. Kisha polepole:
Mama Nkwimba, na wewe ulianza lini kukohoa?

Nikasema, andika kwanza ya marehemu.
Yangu ni vumbi tu.

Vumbi, akasema,
akavuta karatasi nyingine.