Rangi Isiyosema

Nugzari hakupi kiti. Anakupa kadi za rangi
zilizofungwa kwa waya kama funguo za mlinzi wa jela,
kisha anakutoa nje ya karakana, hadi penye jua,
kwa sababu taa ya ndani, anasema, ni wakili
wa yeyote anayelipa umeme.

Telavi, mwezi wa sita.
Wiki mbili tangu mvua ya mawe ishuke kwenye mizabibu
ikapukutisha vishada vichanga,
ikaacha paa la gari la baba
na vishimo kama uso uliopona ndui.
Hivyo ni vya Mungu. Sina neno navyo.
Lakini ule mkwaruzo wa ubavu wa kushoto,
kutoka taa ya mbele hadi kishikio cha mlango,
ule ni wangu:
nguzo ya lango la shule, saa moja asubuhi,
mkono mmoja ukitafuta stesheni ya redio.

"Nataka nyeusi," nikamwambia. "Ndiyo aliyoizoea."

Nugzari akacheka kwa pua.
"Nyeusi ni jirani asiye na kazi, Natela.
Pita nayo kando ya uzio, utaona kila ubao
ukipinda unapofika penye kishimo.
Hata kitambaa cha kuoshea kitaacha hadithi.
Fedha inayometa, sawa, mkwaruzo mdogo
unapotelea kwenye chembe zake,
ila vishimo vitakukonyeza kila jua likigeuka.
Nyeupe kavu humeza vishimo,
lakini ngoja kutu itoe tone moja tu:
damu kwenye shuka."

Akapekua kadi kwa kidole chenye ukucha wa bluu,
bluu ya gari la mtu mwingine.
"Hii."
Kijivu. Hakina mng'ao, hakina jina la maana,
rangi ya barabara wakati wa kiangazi.
"Hii haisemi uongo," alisema.
"Imenyamaza tu."

Siku nne.
Puti, msasa, puti, msasa,
vumbi jeupe kwenye nyusi zake kama la msaga unga.
Kila jioni alifumba macho
akapitisha kiganja juu ya bati, polepole,
kama anayemtuliza farasi.
"Jicho hula rushwa," aliniambia. "Kiganja hakili."
Siku ya nne kiganja kilisimama kwenye mlango wa kushoto,
kikarudi, kikasimama tena.
"Wimbi limebaki. Dogo.
Pesa zako zimeishia hapa.
Rangi itakusitiri."

Na ilinisitiri. Nililizunguka gari asubuhi,
nikalizunguka saa sita mchana, nikiinama, nikichuchumaa;
mke wa mwokaji mikate alisimama akaniuliza
tumenunua jipya lini.

Jumamosi baba akarudi kutoka kwa shangazi, Tbilisi,
mtoto wa jicho amemwingia macho yote mawili,
dunia anaiona kama kupitia maji ya mchele,
na daktari amempangia Septemba.
Nilikuwa nimeliosha gari. Sijui nililiosha kwa ajili ya nani.

Hakulitazama. Aliweka kiganja kwenye boneti.
Akapanda nacho hadi paani, akatulia.
"Mawe," alisema. "Zabibu je?"
"Nusu."
Akashusha pumzi, kwa ajili ya zabibu.
Kisha akashuka upande wa kushoto,
vidole vimetanuka, bila haraka,
na mimi nikihesabu mbele yake: taa, gurudumu, bawaba,
na vidole vikasimama.

"Hapa kuna nguzo," alisema.

Kuku wa jirani walikuwa wakipiga kelele.
Sikujibu.
"Rangi gani?"
"Kijivu."
"Kijivu," akarudia, kama anayeonja chumvi ya mchuzi.
"Kitakuwa hakionyeshi uchafu."

Akapapasa hadi upande wa abiria, akaketi,
akafunga mkanda, akanyoosha mkono wenye ufunguo.
"Endesha," alisema.
"Kushoto uache nafasi."