Herufi Mbili za Kwanza

Bi Syombua ameileta kompyuta kwa mkokoteni,
imefungwa leso mbili na kamba ya katani,
kutoka Kariobangi, kiwanda cha sare za shule,
cherehani kumi na moja na mhasibu mmoja: yeye.
Duka langu liko Umoja, kati ya kinyozi na muuza gesi.
"Inahema," anasema.
"Hata nisipoigusa, inahema."

Nachomoa waya wa mtandao kwanza.
Mgonjwa wa aina hii hatibiwi mlango ukiwa wazi.
Feni inazunguka kama mtu anayekimbizwa,
na kwenye kioo, kati ya oda za sweta,
faili moja imejikalia:
Ankara ya Vitambaa, Januari.
Picha yake ni ya hati. Jina lake ni la hati.
Na Januari, mshona sare gani hana ankara ya vitambaa?

Siifungui. Kufunguliwa ndiko inakokutaka.
Naitazama ubavuni, baiti baada ya baiti,
kama anayechambua mchele kwa ukucha.
Hati ya kweli hujitambulisha kwa alama ya asilimia.
Hii inaanza na herufi mbili,
M na Z,
na M na Z ni programu, si karatasi.
Najikuta nazitamka: mzigo. Mzaha. Mzizi.
Mzimu.

Daftarini nimeandika:
ukubwa, kilobaiti mia nne na kumi na mbili.
Gamba la nje limebanwa, halisomeki.
Gamba la pili vilevile, ila lilifungwa kwa haraka.
Kiota chake ni folda ya muda. Jina ni la kuazima,
jina la mtumishi halali wa mfumo,
herufi moja tu imehama kiti.
Huamka kompyuta inapowashwa.
Husikiliza kibodi.
Saa nane usiku hubisha hodi kwenye seva ya mbali
na kumwaga yote iliyoyasikia.

Iliyasikia mengi.
Nywila ya benki, naam, hiyo ilitarajiwa.
Lakini pia barua ya kuomba mkopo wa chama
aliyoiandika Bi Syombua, akaifuta, akaiandika,
akaifuta mara sita.
Kila alichokifuta, kimo.
Nafunga dirisha hilo asilione.

Chini kabisa, karibu na sakafu ya faili,
katikati ya takataka za tarakimu,
sentensi nzima, kwa Kiswahili:

jaribio la tatu. stima imepotea tena.
utoe hii kabla ya kutuma.

Hakuitoa.

Muhuri wa wakati unasema Jumanne, saa tano na dakika nane usiku.
Muhuri waweza kughushiwa, najua,
ndiyo kazi yangu kujua.
Ila naikumbuka Jumanne ile:
birika lilikata pumzi kabla chai haijachemka,
na mtaa mzima ukapiga "Waaah!" kwa sauti moja.
Miaka tisa nimemwazia mtu wa ng'ambo,
mwenye chumba baridi na vioo vitano.
Nimekuta mtu anayepapasa akitafuta mshumaa.

"Ni nani?" Bi Syombua anauliza.
"Sijui." Na sijui.
"Ni mimi niliyekosea?"
Nageuza kiti nimtazame.
"Ankara ilikuja Januari," namwambia. "Ulifanya kazi yako."
Kisha namwandikia nyuma ya risiti:
piga simu benki leo, kabla ya saa tisa;
badilisha nywila zote, si kwa mashine hii.
Anaikunja mara nne, anaitia kwenye sidiria.

Sentensi ile sijaiandika daftarini. Bado.
Nanakili faili kwenye diski yenye utepe mwekundu,
naivua jina lake la ankara,
naipa alama yake ya kidole,
herufi na tarakimu sitini na nne.
Nafuta kiota. Feni inapunguza mbio, inatembea,
inasimama.

Halafu taa inapepesa.
Mimi na Bi Syombua tunainua macho pamoja,
hatupumui,
na mahali fulani kwenye laini hiihii ya stima,
kidole juu ya kibodi,
mtu wa tatu.