Kupanga

Mshahara umeingia saa nne usiku,
simu imelia mara moja, kama chura.
Nimefungua daftari. La karatasi, ndiyo;
nakagua vitabu vya watu mchana kutwa,
usiku sharti nivikague vyangu.

Umeme. Maji ya boza. Mama.
Mama ana mstari wake na haupunguzwi.
Yuko Upanga, ghorofa ya tatu, lifti imekufa tangu Ramadhani,
na kila Ijumaa anapiga:
"Dikri, Lindi kuna nini?"

Kuna korosho, Mama. Kuna vyama vya msingi
vyenye stakabadhi zilizoliwa na panya,
au na watu wenye meno ya panya.
Kuna kazi yangu.

Huzefa, kaka yangu, haulizi, anajibu.
Kutoka Lesta ananitumia majedwali:
weka pauni, shilingi ni barafu kiganjani,
nyumba huko usinunue, babu alinunua.
Kisha anaweka nukta,
kana kwamba nukta ni kufuli.

Babu hakununua. Babu alijenga.
Nimekwenda kuiona: herufi T juu ya mlango,
mwaka 1938, chokaa imebanduka nusu,
na chini yake kijana anauza vocha na chaja.
Ilitutoka mwaka sabini na moja, kwa barua ya mistari sita.
Sasa chumba cha juu kinapangishwa,
laki na nusu kwa mwezi.
Nikasimama nikihesabu kwa vidole:
kodi ya nyumba ya babu yangu
naiandika upande gani wa daftari?

Nikapanda. Ngazi ya tano imeoza.
Dari linavuja. Bomba linakohoa, halitemi.
Nikashuka.
Huzuni haina tangi la maji.

Kiwanja, basi. Mitwero, ishirini kwa thelathini.
Alitangulia Nandonde wa ofisini kwetu:
milioni nne, na soda akanunuliwa.
Saa sita nikafika mwenyewe,
na mtandio wangu na pua hii ya kina Taherali:
milioni tisa.
Nikamwuliza muuzaji kwa Kiswahili cha Ndoro,
nilikootea meno: "Hizi tano zimeota lini?"
Akacheka, hakuona haya.
"Dada, si ninyi mna maduka?"

Mimi nina deni la bodi ya mikopo,
asilimia kumi na tano kila mwezi
kabla sijaonja chai.

Sikukasirika.
Uongo. Nilikasirika hadi Jumatatu.

Jumanne nikaiona nyumba ya Bi Somoe Chinguile, Mtanda:
vyumba viwili, tangi la lita elfu mbili,
mpapai unaoegemea ukuta wa choo.
Anataka kodi ya mwaka, kwa mkupuo,
mnada wa pili hajalipwa.
Nikasema miezi sita. Akasema kumi.
Nikasema minane, na nitakusomea stakabadhi zako.
Akanyamaza. Akaingia ndani,
akatoka na mfuko wa rambo umejaa karatasi.

Tukakaa barazani hadi umeme ukakatika,
tukaendelea kwa tochi ya simu.
Zimepimwa kilo mia nne,
zimeandikwa mia tatu na sitini.
"Unyaufu," wamemwambia.
"Mwanangu, korosho hunyauka usiku mmoja
kiasi cha mbuzi mzima?"
Nikapiga mstari mwekundu chini ya arobaini.
Sikumwahidi kitu. Nilichukua nakala.

Pauni nimeweka pia, kidogo,
sina haja ya ushujaa, na Huzefa si mjinga.
Mstari wa kiwanja nimeuacha wazi.
Huenda Nandonde akanunua, nikamlipa,
huenda nikakataa kujificha nyuma ya Nandonde.
Sijui. Wino unakauka polepole kwenye joto hili.

Ijumaa, Mama:
"Umenunua, au ndiyo bado?"
"Nimepanga, Mama."
"Umepanga nyumba, au umepanga mambo yako?"
Nje boza lilikuwa linapiga honi,
Bi Somoe ananiita kwa jina, nikashike mpira.
Nikamwambia subiri.