Nyuzi Joto Arobaini na Mbili

Februari, Upanga. Umeme ulirudi kwa hasira
na kabati la kuoteshea seli halikujua pa kusimama:
thelathini na saba, thelathini na tisa,
arobaini na mbili.
Nilikuwa getini nanunua mihogo ya kukaanga.
Niliporudi, pilipili ingali mdomoni,
namba nyekundu zilinitazama kama mdai.

Seli haina pa kukimbilia.
Haina feni, haina baraza la kupunga upepo.
Protini zilizokuwa zimekunjwa zikakunjika,
kila moja na umbo lake, kila umbo na kazi yake,
zikaanza kulegea, kushikana ovyo,
kugandana kama ukoko wa wali.

Wa kwanza kufika ni wapambe.
Wana jina lao la kitabuni, silitumii.
Nawaita wapambe kwa kuwa nimewaona harusini:
mmoja kashika mkono, mwingine upindo wa gauni,
taratibu, geuka, hapo hapo,
bibi harusi asikanyage nguo yake mwenyewe.
Picha zikisafishwa, wao hawamo.

Kisha nakala.
Mama mdogo wangu, Mwamvita, ni fundi cherehani.
Pateni yake ya asili haitoki sandukuni;
huinakili kwenye karatasi ya kaki,
akate nguo tatu, nne, karatasi ichakae, basi.
Na seli ndivyo. Asili hukaa kiinini,
RNA hutumwa nje, husomwa, huraruka.

Ila usiku ule hazikuraruka.
Zilikusanywa, zikafungwa mafungu mafungu.
Niliyaona kwa darubini: vidoa vya kijani
pale ambapo jioni palikuwa ukungu tu.
Mgeni angesema taka.

Siku walipotupaka X nyekundu ukutani, Kimara,
Mwamvita alinyanyua mguu kwenye pedali.
Akakunja mishono yote ya watu,
sare za shule, suruali ya mwenyekiti wa mtaa,
kila fungu na jina, kila fungu na kamba ya katani.
Nikamuuliza, unaacha kazi?
"Naacha kushona vya watu. Kazi siachi.
Leo nashona kitu kimoja tu."
Akashona turubai.

Hata seli ina X yake.
Protini iliyoshindikana, wapambe wakiishachoka,
hubandikwa alama mgongoni, juu yake nyingine,
na nyingine, mpaka ziwe mnyororo,
ndipo huja tingatinga lisilo na mlio.
Lakini kule kila tofali hurudi kwenye ujenzi.
Sisi ya kwetu tuliyafukua wenyewe, usiku,
kwa toroli la kuazima, na Kibwana akavunjika kidole.

Saa nane. Nimelirudisha kabati thelathini na saba.
Nimekaa na daftari, kalamu imekauka wino mara mbili.
Kidoa kimoja kinatanuka, kinafifia,
halafu cha pili,
kama mtu anafungua kamba, anasoma jina, anaita:
nani mwenye sare hii?

Kisahani cha tatu hakikuamka. Nimeandika hivyo.
Asubuhi Dokta Ishengoma atauliza nani aliacha kabati.
Nitasema mimi.
Nitamwonyesha na vile vilivyopona,
maana seli iliyoonja joto hili na ikaishi
joto lijalo huikuta wapambe wameshavaa.

Mwamvita sasa yuko Mbezi, nyumba haina alama yoyote.
Turubai liko chini ya kitanda, limekunjwa mara nane.
Nikimwambia yale yameshapita, mama,
anatoa pini mdomoni.
"Najua," anasema,
anairudisha pini, anaendelea na shati la mtu.