Vimbaumbau vya Dirishani

Niliipanda Januari. Kosa ni langu.
Mbegu thelathini katika vikopo vya mtindi,
wakati hapa Kajaani jua hutoka saa nne kasoro
na kufika saa nane na nusu limeshajiondokea
nyuma ya kiwanda cha mbao,
kama mtu aliyekuja kazini kutia sahihi tu.

Sasa tazama:
miche yangu ya pilipili imekuwa vimbaumbau,
shingo ndefu, mashina meupe kama uzi wa kushonea,
majani mawili kileleni, basi,
na yote imeinamia kioo
ilhali nje ya kioo ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri
na theluji haina habari nayo.

Aulikki wa ghorofa ya pili alikuja kuazima chumvi,
akaitazama, akacheka hadi akakohoa.
"Joto umelimwaga, mwanga umeubania.
Huko si kukua, huko ni kutafuta mlango."
Akaondoka. Chumvi akaisahau.

Nikaitoa juu ya bomba la joto.
Nikaiegemeza kwa njiti za kiberiti,
mmoja mmoja, kwa uzi wa sufu,
wodi nzima ya waliovunjika.
Miwili ikalala palepale, haikuamka tena.

Nina kimbaumbau mwingine chumba cha pili.
Veikka, miaka kumi na mitano.
Tangu Krismasi suruali zimeishia juu ya fundo la mguu,
viwiko vyake vinagonga kila kabati,
na mwanga alionao ni mmoja, wa buluu,
chini ya mlango uliofungwa.
Nikibisha, hujibu: "Nimekula."
Sikuwa nimeuliza hilo.

Nimesoma kwamba shina hukazwa na upepo.
Basi nikirudi zamu ya usiku, kabla sijavua koti,
napitisha kiganja juu ya vichwa vya miche,
kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mara ishirini.
Mimi ndiye upepo, mwenye harufu ya mashine za posta,
mwenye usingizi.
Kiganjani inatekenya kama nywele za mtoto mchanga.

Alhamisi moja nikakuta vikopo vimegeuzwa.
Vyote. Iliyotazama kioo sasa inatazama jiko.
Na taa ya mezani, ile ya masomo yake,
inaning'inia kwa kamba za viatu
kutoka kwenye ndoano ya pazia,
chini kabisa, shibiri moja tu juu ya majani.

Yeye amekaa sakafuni, magoti yamefika masikioni,
ameshika mkasi wa kucha.
"Taa ikiwa mbali, mama, itaikimbilia.
Ikiwa karibu, itatulia, inenepe."
Nikasimama na koti langu.
Maneno hayo yalikuwa ya pilipili.
Nikayasikia yote.

Kisha akasema vilele vikatwe.
Mimi siwezi, nikamwambia.
Majani sita umeyangoja wiki saba, kisha uyakate?
Akanitazama kwa huruma kidogo,
akakata. Kata. Kata.
Mmoja akauruka, ule mrefu kuliko yote, uliopinda kama swali.
Sikumuuliza kwa nini.

Leo ni Machi, tarehe tisa.
Kwenye makwapa ya majani kumechomoza vijani,
viwili viwili, vya kijani kilichokolea.
Mashina yameshika rangi ya zambarau karibu na udongo;
ukiyasukuma, yanarudi.
Ule uliopinda bado umepinda. Umeegemea dirisha
na umetangulia kutoa tumba.

Usiku, anasema, magoti yanamuuma, mifupa inavutana.
Nikamkalia kando ya kitanda.
Nikapitisha kiganja juu ya kichwa chake,
kwenda na kurudi.
Hakukwepa. Nikahesabu: mara tatu, mara nne.
"Mikono yako," akasema, macho yamefumbwa,
"inanuka udongo."